Siku ya Mapumziko: Ilikotoka na Faida Yake kwa Roho ya Mtu



Gazeti letu hili kwa kawaida hutuletea habari za wenzetu waliotangulia mbele ya haki, za waliopata vyeo, na hesabu ya michango ya kuezeka bwalo. Safari hii Mhariri amenipa nafasi ya kueleza jambo la historia, somo nililolifundisha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Jambo lenyewe ni siku ya mapumziko: ilianzia wapi, waliojaribu kuifuta waliona nini, na inamfaa nini mwanadamu rohoni mwake.

Sikuichagua habari hii kwa kupenda mambo ya kale tu. Katika mkutano wetu mkuu wa mwaka huu tutaulizwa kama chama kichange fedha za kuwalipa walimu wa ziada, ili vijana wa Kidato cha Nne wafundishwe siku zote 7 za juma, kuanzia Januari mpaka siku ya mtihani. Walioleta pendekezo hilo wana nia njema. Wanataka jina la shule yetu litajwe tena miongoni mwa shule zinazofaulisha. Hata hivyo, kabla hatujanyoosha mikono, yafaa tujue ni kitu gani tunachotaka kukiondoa, na kina umri gani.

Juma na jamaa

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kila mtoto anajua kuhesabu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, lakini ni wachache wanaojiuliza hesabu hiyo inaanzia wapi. Inaanzia Ijumaa. Jumamosi ni siku ya kwanza baada yake, Jumapili ni ya pili, na kuendelea. Ikifika tano hesabu ya Kiswahili inakoma, na tunapokea majina mawili yenye asili ya Kiarabu: Alhamisi, yaani siku ya tano kwa hesabu ya Waarabu wanaoanzia Jumapili, na Ijumaa yenyewe. Ndiyo maana juma letu lina siku mbili za tano, jambo lililowachekesha wanafunzi wangu kila mwaka.

Asili ya neno Ijumaa ni kukusanyika. Shina hilohilo la Kiarabu ndilo lililotupa jamaa, jamii na jumuiya. Basi wazee wa pwani walipotaka jina la kipindi cha siku saba, hawakukipa jina la kazi wala la soko. Walikipa jina la siku ya watu kukutana. Kwa mafundisho ya Kiislamu Ijumaa si lazima iwe siku ya kuacha kazi kutwa nzima. Mwito wa sala ukitolewa biashara huachwa, na sala ikiisha watu wana ruhusa ya kutawanyika na kutafuta riziki. Lakini katika muda ule wa sala, tajiri na mchukuzi wake wamesimama safu moja, na mizani dukani haina wa kuishika. Hapo pana fundisho ambalo tutakutana nalo tena mbele.

Kutoka Misri

Desturi ya kuacha kazi siku nzima katika kila siku saba ilitufikia kutoka kwa Wayahudi. Neno Sabato asili yake ni Kiebrania, na maana yake ni kukoma au kuacha. Amri yenyewe imeandikwa mara mbili katika vitabu vya Musa, na sababu zilizotolewa ni mbili. Katika Kutoka sababu ni kuumbwa kwa ulimwengu: Mungu alifanya kazi siku 6, akastarehe siku ya 7. Katika Kumbukumbu la Torati sababu ni nyingine: Waisraeli wanaambiwa wakumbuke kwamba walikuwa watumwa katika nchi ya Misri, wakatolewa huko.

Sababu hii ya pili ndiyo ninayoomba tuitazame sana. Rudini kwenye sura ya 5 ya Kutoka. Musa na Haruni wanakwenda kwa Farao kuomba watu waruhusiwe safari ya siku 3 jangwani wakaabudu. Farao anakasirika kwa sababu wanawapumzisha watu wasifanye kazi zao. Jibu lake ni kuwanyima majani makavu ya kuchanganya na udongo, huku hesabu ya matofali ya kila siku ikibaki ileile. Wakilalamika, anawaambia kuwa ni wavivu, ndiyo maana wanaomba ruhusa ya kwenda kuabudu. Nadhani kila mmoja wetu katika maisha ya kazi amepata kukutana na Farao wa namna hii. Kwake yeye mtu ni idadi ya matofali tu, basi.

Watu waliotoka mikononi mwa bwana kama huyo ilibidi wafundishwe kupumzika, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Sura ya 16 inaeleza kwamba huko jangwani mana ilipatikana kila asubuhi, na aliyejiwekea akiba ya kesho aliikuta imeoza na kuingia mabuu. Lakini siku ya 6 waliokota sehemu mbili, na akiba ile haikuoza. Wengine hawakusadiki. Siku ya 7 walitoka kwenda kuokota kama kawaida, wasipate kitu. Utumwa ulikuwa umewatoka miguuni, lakini moyoni haujatoka.

Tena amri haikumpa mapumziko mwenye nyumba peke yake. Inawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni akaaye mjini. Kwa maneno mengine, haifai baba astarehe kivulini huku mtumishi wake akichota maji. Na katika Mambo ya Walawi sura ya 25 ardhi nayo imepewa mwaka wake wa 7 wa kupumzika, jambo ambalo halitamshangaza mkulima yeyote wa kwetu aliyewahi kuacha konde lilale.

Wenye elimu wa mataifa mengine waliona huo ni upuuzi. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyekufa mwaka 65, aliwalaumu Wayahudi kwamba kwa kukaa bure kila siku ya 7 wanapoteza karibu sehemu moja ya saba ya maisha yao. Hesabu yake ilikuwa sawa. Lakini miaka 256 baada ya kufa kwake, Kaisari wa Roma mwenyewe, Constantine, alitoa amri iliyofuata njia ileile. Tarehe 7 Machi 321 aliagiza mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya Jua, yaani Jumapili, siku ambayo Wakristo walikuwa wakikutanika kukumbuka ufufuo. Wakulima aliwaruhusu kuendelea, maana mvua na mavuno havingoji. Tangu hapo mapumziko ya juma yakaanza kuwa sheria ya serikali.

Watawa wa Uhabeshi

Bara letu la Afrika nalo lina sura yake katika historia hii, na ni sura ya ujasiri. Katika karne ya 14 Kanisa la Uhabeshi lilikuwa chini ya Patriarki wa Aleksandria, ambaye alilipelekea askofu kutoka Misri. Maaskofu hao walifundisha kwamba siku ya kuheshimiwa ni Jumapili tu, na kwamba kushika Jumamosi ni desturi ya Kiyahudi. Mtawa mmoja aitwaye Ewostatewos alikataa. Alifundisha kwamba Sabato ya kale na siku ya Bwana zote mbili ni takatifu. Kwa ajili ya mafundisho yake alipingwa hata akaondoka katika nchi yake, akapitia Misri na Yerusalemu, na mwaka 1352 akafariki mbali kabisa, katika nchi ya Waarmenia.

Wanafunzi wake waliobaki nyumbani hawakulegea. Walinyimwa upadri, wakatengwa na makanisa na nyumba ya mfalme, wakaenda kujenga nyumba zao za watawa katika milima ya kaskazini. Mfalme Dawit alimfunga kiongozi wao Filipos, lakini baadaye, mwanzoni mwa karne ya 15, aliona afadhali kuwaachia Jumamosi yao. Hatimaye mwaka 1450, katika baraza lililokutana Debre Mitmaq, Mfalme Zara Yaqob aliamua kwamba siku zote mbili ziheshimiwe katika Kanisa zima. Ilikuwa karibu miaka 100 tangu Ewostatewos azikwe ugenini.

Fikirini jambo hilo. Watu hawa walipoteza vyeo na heshima, si kwa kugombea shamba wala ng'ombe, bali kwa kutetea siku isiyo na faida yoyote ya mfukoni. Waliona kwamba wakiiachia siku ile wataachia kitu kilicho ndani yao.

Kwetu Afrika ya Mashariki washika Jumamosi walifika baadaye sana. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walianza kazi Upare mwaka 1903, na wenzao walifika Gendia, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, mwaka 1906. Matunda yake mliyaona wenyewe bwenini. Ijumaa jua likielekea kuzama, Wasabato wetu walikuwa wamekwisha piga pasi, wamekwisha chota maji, na zamu yao ya kufagia wamekwisha badilishana na wenzao. Mchana wa siku hiyohiyo ndugu zetu Waislamu walikuwa wamekwenda msikitini na kurudi. Na Jumapili kile kipande cha reli kilichoning'inia nje ya ofisi hakikugongwa kwa ajili ya vipindi. Sikumbuki hata mara moja tuliogombana juu ya siku hizo. Mtu alimheshimu mwenzake kwa sababu aliona kwamba yeye pia ana kitu asichokiuza.

Waliojaribu kuifuta

Sasa tutazame upande wa pili. Zipo serikali mbili kubwa zilizojaribu kuling'oa juma la siku saba, na habari zake zafaa kujulikana na kila mtu anayedhani siku ya mapumziko ni kipande cha muda tu kinachoweza kuhamishwa kama benchi.

Ya kwanza ni Ufaransa. Mwezi Oktoba 1793, wakati wa mapinduzi, Bunge la nchi hiyo lilipitisha kalenda mpya. Kila mwezi ulikuwa na siku 30, zikagawanywa mafungu matatu ya siku 10, na siku ya mapumziko ikawa ya 10. Aliyekuwa akipumzika baada ya siku 6 za kazi sasa alingoja siku 9. Mwaka 1798 serikali ilitoa sheria kali zaidi ya kulazimisha siku hiyo mpya. Hata hivyo wananchi wengi, hasa wa vijijini, waliendelea kuhesabu Jumapili zao. Mwaka 1802 Napoleon aliirudisha Jumapili kwa watumishi wa serikali, na kalenda yote ikaachwa ilipoingia tarehe 1 Januari 1806.

Ya pili ni Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1929 mtu mmoja aitwaye Yuri Larin alitoa shauri kwamba viwanda visisimame hata siku moja. Kuanzia majira ya vuli mwaka huo wafanyakazi waliwekwa katika juma la siku 5, siku 4 za kazi na 1 ya kupumzika. Lakini siku hiyo haikuwa moja kwa wote. Watu waligawanywa mafungu matano, kila fungu likapewa rangi yake katika kalenda, na kila siku fungu moja lilipumzika huku manne yakifanya kazi. Mashine zisingenyamaza, na Jumapili ingesahauliwa. Kwa Kirusi jina la Jumapili maana yake ni ufufuo, na serikali ile haikutaka neno hilo midomoni mwa watu.

Kwa hesabu, mfanyakazi alikuwa amepata nafuu, maana alipumzika mara nyingi zaidi kuliko zamani. Kumbe malalamiko yakawa mengi. Mume alikuwa na rangi moja na mke nyingine. Siku ambayo baba yuko nyumbani, mama yuko kiwandani na watoto wako shuleni. Rafiki hakumwona rafiki. Kupumzika peke yako katika nyumba tupu, watu waliona si kupumzika. Kiwandani nako, mashine zisizosimama zilikosa nafasi ya kutengenezwa, na kwa kuwa zilipita mikononi mwa wengi, hapakuwa na mtu wa kujibu zilipoharibika. Mwaka 1931 Stalin mwenyewe aliukosoa utaratibu huo, na kuanzia Desemba mwaka huo likaja juma la siku 6 lenye siku moja ya mapumziko kwa wote. Nalo halikudumu. Tarehe 26 Juni 1940 amri ya serikali ilirudisha juma la siku 7 na mapumziko ya Jumapili. Haikuwa kwa huruma, kwa maana amri hiyohiyo iliongeza saa za kazi na kumkataza mfanyakazi kuacha kazi bila ruhusa. Lakini hata wenye nguvu kiasi hicho walishindwa na siku saba.

Kitu gani kinachopumzika?

Nimeeleza habari za Urusi kwa urefu kwa sababu zinatuonyesha kiini cha jambo. Warusi wale hawakunyimwa saa za kulala, walinyimwa pamoja. Na hapa tunarudi kwenye safu ile ya Ijumaa, na kwenye amri inayomtaja mjakazi na punda. Siku ya mapumziko ni siku ambayo watu wanakubaliana kuacha pamoja, ili asiwepo hata mmoja wa kumwambia mwenzake fanya hiki, lete kile. Shirika la Kazi la Kimataifa lililiona hilo. Mkataba wake wa mwaka 1921 unataka mfanyakazi wa viwandani apate saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku 7, na tena unasema kwamba inapowezekana wafanyakazi wote wa mahali pamoja wapumzike kwa wakati mmoja, katika siku zilizozoeleka na wenyeji. Tanzania nayo, katika sheria ya ajira ya mwaka 2004, imeweka saa 24 za mapumziko ya juma.

Lakini sheria inaangalia mwili. Roho inapata nini? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni kuamini. Mwenye kuacha kazi siku moja anakiri kwamba dunia haishikiliwi na mikono yake. Hili ndilo lililowashinda wale waliotoka kuokota mana siku ya 7. La pili ni kukumbuka. Siku sita mtu huitwa karani, dereva, mwalimu, mkurugenzi. Siku ile moja anaitwa baba fulani, mjomba, jirani, mja wa Mungu. Asipoitwa hivyo kwa muda mrefu, majina hayo hufa, na siku ya kustaafu hujikuta hana jina. Wako wenzetu tuliowaona wakifikia hali hiyo. La tatu ni kushukuru. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, nasi tunapenda kuwakumbusha vijana sehemu ile ya jua. Lakini methali ina sehemu mbili. Asiyefika kivulini hatajua alichokichuma kina ladha gani.

Wapo wanaotetea mapumziko kwa kusema kwamba mtu aliyepumzika hufanya kazi zaidi siku ya pili. Huenda ni kweli, lakini hiyo ni hoja ya Farao mwenye busara. Ng'ombe wa plau naye hupumzishwa kwa sababu hiyo. Mwanadamu hapumziki kwa ajili ya kazi ya kesho tu. Siku ile ina thamani yake yenyewe.

Kuhusu pendekezo

Najua nitakayoulizwa mkutanoni. Kwanza, je, shule nyingine hazisomeshi siku 7? Zipo, na sina ahadi ya kutoa kwamba tukipumzika tutazishinda. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 17 anajifunza mambo mengi zaidi ya yaliyo katika mtaala. Tukimsomesha siku 7 kwa miezi kumi, tutakuwa tumemfundisha, bila kumwandikia ubaoni, kwamba thamani yake ni alama zake. Akishalishika somo hilo hatalisahau. Atakuja kuwa bwana mkubwa, naye atawahesabia wengine matofali.

Pili, je, ni siku ipi, maana wanafunzi ni wa dini mbalimbali? Jibu tulilipata zamani bwenini. Muda wa sala ya Ijumaa uheshimiwe, Jumamosi ya Wasabato isiwekewe somo wala jaribio litakalowaacha nyuma, na Jumapili shule nzima isigongewe kengele ya vipindi. Walimu wa ziada wafundishe jioni, Jumatatu hadi Alhamisi. Fedha zitakazobaki zinunue vitabu na vifaa vya maabara, ambavyo wote tunajua vimepungua.

Tatu, labda mtaniambia kwamba nyumbani mwetu wenyewe siku hiyo imekwisha kufa, kwa simu zinazolia usiku na mchana na vikao vya biashara vya Jumapili. Ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kutowanyang'anya watoto kile tulichokwisha kukiachia sisi. Tena mjiulize kwa nini kila mwaka tunasafiri mwendo mrefu kuja kwenye mkutano huu. Hatulipwi. Tunakaa chini ya miembe, tunaitana kwa majina ya utani ya kidato cha kwanza, na waziri hana ukubwa mbele ya fundi baiskeli. Hamu hiyo inayotuleta hapa ni ileile iliyowafanya Warusi walalamike.

Pendekezo likisomwa, mimi nitanyoosha mkono kulikataa, na nitaomba badala yake mpango wa jioni nilioutaja. Naomba mniunge mkono.

Wenu katika udugu wa shule,

Mwalimu mstaafu